Bunduki Yenye Kuchakaa: Je, Ni Haki Kuipenda?



Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma juu ya ngoma, kiti cha mufalme, mahari, matanga na majina ya mababu. Leo tuzungumuze juu ya kitu kingine chenye kukaa mu nyumba nyingi bila mutu kukitaja: bunduki ya zamani. Sisemi ile ya vita ya leo. Nasema gobore, ile ndefu yenye kutiwa baruti ku mudomo, yenye ilifika huku na misafara ya pembe na ya watumwa, ao ile ya babu muwindaji yenye kununuliwa kisha. Imeegemea ukuta nyuma ya mulango. Ubao wake umekuwa mweusi juu ya moshi wa miaka mingi. Chuma imekula kutu. Haipigi tena, lakini hakuna mwenye anathubutu kuitupa.

Siku muzee anakufa, maneno yanaanza. Mutoto mukubwa anasema: «Tuuze, kuko watu wanalipa vizuri vitu vya zamani.» Mudogo wake anasema: «Hapana, tuipeleke kwa mufundi, aisugue, ingae, tuiweke mu saluni.» Na mama mumoja, mwenye alikimbia vita na watoto ku mugongo, anasema neno moja tu: «Kitu hiki kitoke humu.» Kila mumoja wao ana sehemu ya ukweli. Ndiyo maana swali hili linaomba tulifikirie polepole: je, mutu mwema anaweza kupenda kitu chenye kufanywa juu ya kuua? Na anaweza kukipenda zaidi kwa sababu kimechakaa, kimetumika sana?

Kwa sisi wa mashariki ya Kongo, tangu mwaka wa 1996, hili haliko swali la muchezo.

Wenye kukusanya bunduki kule Marekani

Tuanze mbali kidogo. Kule Marekani watu wamelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na wameweka hata bei juu yake. Kufuatana na sheria ya inchi yao, bunduki yenye kufanywa mbele ya mwaka wa 1899 inahesabiwa kuwa kitu cha kale. Wengi wanazikusanya, zaidi sana zile za magaribi, ndiyo kusema za mipaka ile ambayo wazungu walikuwa wanaisukuma kila mwaka ndani ya inchi ya wenyeji. Mu muji wa St. Louis, ndugu wawili, Jacob na Samuel Hawken, walikuwa wanafanya bunduki nzito ya fataki kwa watu wenye kwenda kutega wanyama wa manyoya ku milima ya Rocky. Leo mwenye kupata moja ya kweli anajua amepata mali.

Mutu mugeni atafikiri ya kama bunduki nzuri ni ile yenye kungaa. Ni kweli, ile ambayo haijatumika inaweza kuwa na bei kubwa. Lakini kuko wakusanyaji ambao wanapita mbele ya ile yenye kungaa bila kusimama, kisha wanakaa saa nzima mbele ya ile yenye kitako cha kupasuka. Wenyeji wa kule, ubao wa bunduki ukivunjika, walikuwa wanaufunga na ngozi mbichi ingali na maji. Ngozi ikikauka inajikaza sana, na bunduki inarudi kazini. Tena walikuwa wanapigilia ku kitako misumari yenye vichwa vya shaba ya njano, kwa mapambo. Mukusanyaji anaangalia ile ngozi, ile misumari. Anaangalia pale ubao umelainika juu ya kugusana na tandiko la farasi mwaka kwa mwaka. Kwake yeye, hayo njo maandiko ya bunduki.

Ndiyo maana wana sharti moja: usisugue. Mwenye kuondoa ile rangi ya uzee na kupaka rangi mupya anafikiri anaongeza bei, kumbe anaipunguza. Amefuta kile chenye watu walikuja kusoma.

Kuko mufano mumoja wenye kujulikana sana. Mwezi wa Novemba 2014, wafanyakazi wa hifadhi ya Great Basin, mu Nevada, waliona bunduki ya Winchester ya namna ya 1873 imeegemea muti mu pori. Ubao ulikuwa umepauka na kupasuka, na mwisho wa kitako ulikuwa umezama mu udongo. Namba yake ilionyesha kwamba ilifanywa mwaka wa 1882. Nani aliiacha pale? Alikuwa anawinda, anatafuta farasi wake, ao alikufa karibu? Hakuna mwenye kujua. Bunduki za namna hiyo zilifanywa zaidi ya 700,000, na nyingi zinapendeza kuliko hiyo. Lakini ni hiyo moja ambayo watu walitaka kuiona. Ilipelekwa ku makumbusho ya Cody, mu Wyoming. Mafundi waliishika kwa uangalifu ili isiendelee kubomoka, lakini hawakuifanya kuwa mupya. Kisha ilirudishwa ku hifadhi, ikawekwa mahali watu wanaiona, pamoja na ufa wake wote.

Gobore yetu ilifika namna gani

Sasa turudi kwetu. Mu karne ya 19, misafara kutoka pwani na Unyamwezi ilivuka ziwa Tanganika, ikaingia Manyema na Katanga. Ilileta vitambaa, shanga na bunduki. Ilirudi na pembe, mukuba na watu. Hamed bin Muhammed, mwenye tunamuita Tippu Tip, alikaa Kasongo, na watu wengi wanaeleza ya kama jina lake ni sauti ya bunduki zake. Msiri, Munyamwezi mwenye alikuja kufanya biashara ya mukuba, akawa mufalme wa Garenganze ku Bunkeya, na bunduki zilikuwa moja ya nguzo za ufalme wake.

Nyingi za bunduki zile zilifanywa Ulaya, ku Birmingham na ku Liège, juu ya kuuzwa Afrika. Mutu alimimina baruti ku mudomo, akatia kitambaa ao nyuzi, akatia risasi ao vipande vya chuma, akashindilia na fimbo. Ile ya gumegume ilitoa cheche kwa jiwe. Ile ya fataki ilikuwa na kikofia kidogo chenye kulipuka kikigongwa. Mvua ikinyesha juu ya ile ya gumegume, baruti inalowana, na bunduki inakuwa fimbo tu.

Kwa nini gobore ilikaa kwetu muda murefu hivyo, wakati Ulaya walikuwa wameiacha? Sababu moja iko mu karatasi. Tarehe 2 Julai 1890, mu mukutano wa Bruxelles, mataifa makubwa yalitia sahihi mapatano ya kupiganisha biashara ya watumwa. Ndani yake walikataza kuingiza mu sehemu kubwa ya Afrika bunduki zenye mifereji ndani ya mututu na zile za kisasa. Waliacha nafasi, kwa masharti, juu ya bunduki za gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida. Kusudi lenye kuandikwa lilikuwa zuri. Lakini askari wa Leopold wa Pili walikuwa na Albini ya Ubelgiji, yenye kutiwa kartushi kwa nyuma, na wenyeji walibaki na gobore. Kwa hiyo mutu akiniambia ya kama gobore ni alama ya ujinga wa mababu zetu, namujibu: angalia kwanza nani alichagua.

Na mababu hawakukaa bure. Kitako kikivunjika, mufundi wa kijiji alichonga kingine mu muti wa kwetu. Mututu ukilegea, waliufunga na waya wa mukuba ao ngozi ya nyama. Bunduki ya gumegume iligeuzwa kuwa ya fataki. Hapa mutu wa akili anaweza kuuliza: kama kitako kimebadilishwa, mutambo umebadilishwa, je, hii ingali bunduki ya babu? Naona jibu liko mu desturi yetu yenyewe. Ku Bunkeya jina la Msiri linarithiwa. Mwili unakufa, mwingine anaketi ku kiti, na watu hawasemi ufalme umekwisha. Kinachofanya kitu kiwe kilekile ni kupokezana, mukono kwa mukono, mbele ya mashahidi. Gobore yenye kutengenezwa mara kumi mu ukoo mumoja ni ya ukoo ule kuliko ile yenye haijaguswa mu sanduku la Liège.

Kovu linasema nini, na linaficha nini

Sasa tuko na jibu la kwanza. Uchakavu ni kitu cha kuheshimu, kwa sababu ni alama ya mukono wa mutu. Tunajua hivyo kwa kinu chenye kuliwa ndani na muchi wa bibi, kwa jembe lenye kubaki nusu, kwa kiti chenye kulainishwa na wafalme watatu. Mwenye kusugua alama zile anasema uongo, kana kwamba hakuna mutu aliyeishi pale. Na kuko uongo wa pili: mufundi mwenye kuzika bunduki mupya mu udongo ili ipate kutu, kisha anaiuza kuwa ya zamani za Tippu Tip. Wa kwanza anaiba historia ya kweli, wa pili anauza historia isiyokuwako.

Lakini hapa tusikimbie. Kinu hakijaua mutu. Wazee wanasema: mwenye kovu usidhani kapoa. Na mutu mwenye kuonyesha kovu lake anaonyesha pale yeye alipata kuumia. Kovu la bunduki ni kinyume: linaonyesha kazi ya yule mwenye kuishika. Yule mwenye kusimama mbele ya mudomo wake hakuacha alama yoyote juu ya ubao.

Tuangalie mambo yenye kujulikana. Tarehe 15 Julai 1871, ku soko la Nyangwe, ku ukingo wa Lualaba, watu wenye bunduki kutoka kundi la wafanyabiashara walianza kupiga ndani ya watu wenye kuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Kulikuwa ugomvi juu ya kuku. Watu walikimbilia mitumbwi, wengi wakazama. Livingstone alikuwa pale, na wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa zaidi ya 300. Kisha ikaja serikali ya Leopold. Mu sehemu za mupira, askari walipashwa kuonyesha namna kila kartushi ilitumika, na mikono ya watu ilikatwa ili ihesabiwe. Ku Bunkeya, tarehe 20 Desemba 1891, Kapiteni Bodson alimuua Msiri kwa risasi, na yeye mwenyewe akapigwa, akafa juu ya majeraha yake.

Marekani vilevile. Zile bunduki nzuri za magaribi ndizo zilimaliza nyati wa kule kwa miaka michache, na wenyeji wenye kuishi kwa nyati wakabaki na njaa. Tarehe 29 Desemba 1890, ku Wounded Knee, askari walikuwa wananyanganya Walakota bunduki zao. Wakati ule bunduki moja ililia, na askari wakaanza kuwapiga watu, wanawake na watoto pia. Mkusanyaji mwenye kusifu misumari ya shaba bila kutaja siku ile amesoma nusu ya ukurasa.

Mu nyumba zetu, ukiuliza, kila gobore iliua tembo. Ingine iliua simba, ingine kiboko. Hakuna hata moja yenye kuua mutu. Lakini watu wa Nyangwe walikufa kwa risasi, na misafara ya watumwa haikufungwa kwa maneno matamu. Zile bunduki zilienda wapi zote? Ziko nyuma ya milango yetu. Wajukuu wa wenye kupiga na wajukuu wa wenye kupigwa wameoana, wanasali pamoja, wanaketi ku matanga moja. Ni neema kubwa. Lakini neema haijengwe juu ya hadisi ya tembo peke yake.

Je, kitu kina zambi?

Wengine watasema: chuma haina zambi, zambi ni ya mutu. Kisu chenye kukata muhogo kinaweza kukata mutu pia. Hilo ni kweli, na gobore ililisha vijiji: nyama ya pori, kulinda mashamba na nguruwe, kupigwa hewani mufalme akizikwa. Hatuwezi kuihukumu kama muuaji. Lakini wenye kusema hivyo wanasahau ya kama tunazungumuza juu ya kupenda, hatuko mbele ya mahakama. Upendo wetu ndio wenye kupimwa, haiko chuma.

Maana kuko kupenda kwa namna mbili. Kuko mutu mwenye kupenda bunduki ya zamani kwa sababu inamupa nguvu ya kuazima: anaishika, kifua kinapanuka, anajiona mubwana wa misafara. Mutoto wake anamuona, na anajifunza ya kama mwanaume ni bunduki. Tunajua mutoto ule anaweza kuishia wapi, mu inchi ambamo watoto wamepewa silaha mbele hawajamaliza masomo ya musingi. Na kuko mutu mwenye kupenda kazi ya mikono, subira ya mufundi, ukumbusho wa babu, na ukweli wa zamani, hata ule wenye kuuma. Wote wawili wanapangusa bunduki ileile. Utawatambua namna gani?

Ninapendekeza kipimo kimoja. Je, unaweza kueleza historia ya bunduki hii kwa sauti, mbele ya mujukuu wa mutu mwenye alisimama mbele ya mudomo wake, bila kubadilisha neno? Kama unaweza, kaa nayo. Unaiheshimu kwa haki. Kama unapashwa kunyamaza sehemu moja, ao kucheka ili kuficha, basi unachopenda ni pambo. Na kama haujui historia yake, sema wazi: «Tunajua ni ya babu, hatujui ilifanya nini.» Nafasi yenye kuachwa wazi ina heshima kuliko tembo wa kubuni.

Kipimo hiki kinamupa haki yake yule mama mwenye kusema kitoke. Yeye hakusoma juu ya Nyangwe. Ameona Nyangwe yake mwenyewe. Upendo wa mukusanyaji ni muzuri, lakini haupite maumivu ya mwenye kuishi mu nyumba moja naye. Kama yeye hawezi kula chakula mbele ya kitu kile, kitu kile kisikae mu saluni. Kiende kwa muzee wa ukoo, ao ku makumbusho, ao mu sanduku lenye kufunguliwa paka siku ya kueleza watoto. Kutoka mu saluni haiko kutupwa mu mutoni.

Tufanye nini basi?

Kwa yule mwenye kutaka kuuza: bunduki bila historia yake ni chuma tu, na mununuzi wa haraka anapenda hivyo, sababu historia haina uzito mu mufuko wake. Kabla ya kuuza, ukoo wote uketi. Kitu chenye kupokewa kwa mashahidi hakitoke kwa siri ya mumoja. Tena musisahau sheria: sheria yetu juu ya silaha, ya tarehe 3 Septemba 1985, inaomba ruhusa juu ya kukaa na bunduki. Muende muulize ku serikali mbele hamujapata matatizo.

Kwa yule mwenye kutaka kuisugua: acha. Pangusa mavumbi na kitambaa kikavu, weka mafuta kidogo sana ku chuma, iondoe mahali penye unyevu na mchwa. Na mbele ya yote, usiipige, hata siku ya sherehe. Chuma yenye kuliwa na kutu inaweza kupasuka mu uso wa mwenye kupiga. Gobore nyingi za zamani ziliachwa na baruti ndani, na hakuna mwenye kukumbuka. Mutoto asiichezee, moto usikaribie, mufundi mwenye kujua aiangalie kwanza.

Kwa yule mama: tumusikilize, na tumuombe kitu kimoja, kwamba siku moja, kama ana nguvu, aeleze yake pia, iandikwe pembeni ya ile ya babu.

Na kwa sisi wote: tuandike. Jina la mwenye kuinunua, mahali, nani alibadilisha kitako, nani aliirithi, wanyama wenye kuuawa, na watu pia kama inajulikana. Wazee wenye kujua wanaondoka kila mwaka, na ubao peke yake hautasema yote.

Msiri alikuwa na bunduki nyingi, na siku ile hazikumulinda. Bodson alikuwa na bunduki ya kisasa, na yeye pia alikufa. Leo gobore za zamani zile zimekuwa fimbo zenye kuegemea ukuta, na mutoto wa miaka sita anaweza kuziangusha. Baba mwenye kumuonyesha mutoto wake kutu ile, na kumueleza yote, amemupa urisi muzuri. Amemufundisha ya kama nguvu za namna ile zinapita, na ya kama majina ya watu, wa pande zote mbili, ndiyo yenye kupashwa kubaki.